Mume wangu alijua mtihani ule hauna kurudi nyuma

Admin, nifichie jina, maana ukoo wa mume wangu wote wamo humu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, nakaa Kimandolu, Arusha, nina duka la vifaa vya shule na mashine ya fotokopi. Nimeolewa miaka ishirini na mbili. Hadi Jumapili iliyopita ungeniuliza, ningekuambia sijaona mume mwema kama wangu.

Miaka ile intaneti kafe zinachipuka mjini kila kona, mimi na huyu baba tulikuwa wachumba, tunafanya kazi kafe moja. Tukaanza kusomea cheti cha ufundi wa mitandao ya kompyuta. Kitabu kimoja, tunasoma kwa zamu. Vipengele vigumu mimi ndiye niliyekuwa namfundisha, na mwenyewe alikuwa anasema, "Wewe mwanamke una kichwa, mimi nabebwa tu." Kampuni iliyokuwa inafunga mitandao mahotelini ilitaka fundi mmoja tu mwenye cheti hicho. Mtihani ulifanyiwa Nairobi, kwenye kompyuta. Baba yangu, mkulima wa Kikwe, akauza ng'ombe wake wa maziwa ili niende. Akaniambia, "Nenda mwanangu, na wewe ukapate kazi ya maana."

Siku ya safari mchumba wangu alinisindikiza hadi stendi. Akanishika mkono: "Usihangaike na maswali magumu. Ruka, fanya unayoyajua, yale mengine utayarudia mwishoni." Ndivyo walimu walivyotufundisha sote tangu shule ya msingi, ningebisha nini? Maelezo ya mwanzo niliyapitia mbiombio kwa woga, nikaanza kuruka. Kumbe mashine ile ukishapita swali, ndiyo basi, hulioni tena! Nafika mwisho nitafute niliyoyaacha, kompyuta inaniandikia nimefeli. Jamani, nililia Nairobi hadi Namanga. Aliyenipokea stendi ni yeye. Alinifuta machozi akasema si kila mtu ameumbiwa mitihani. Baada ya mwezi akaenda yeye, akafaulu, akapata ile kazi, akanioa. Baba hakunilaumu hata siku moja, ila hakupata ng'ombe mwingine mpaka tunamzika. Na mimi nikaamini kweli sina akili. Miaka yote hii mtandao ukigoma dukani sigusi kitu, namsubiri mume wangu.

Sasa Jumapili tumetoka ibadani, tunakula. Binti yetu Neema anajiandaa na mtihani wa aina ileile. Baba yake, kwa furaha tu, akamwambia, "Usiruke swali hata moja! Mimi mara ya kwanza niliruka nikafeli. Hata mama yako hajui, nilimuaga naenda kumsalimia shangazi Nairobi." Akacheka. Mimi nikaweka kijiko chini, kwa sababu safari hiyo ya shangazi naikumbuka vizuri. Alikwenda wiki mbili kabla yangu.

Neema alipokwenda mazoezi ya kwaya nikamuuliza, "Baba Neema, siku ile stendi ulikuwa unajua?" Akaenda kufunga mlango. Halafu akasema, "Nafasi ilikuwa moja. Ungeipata wewe, ungenitazama tena mimi?" Nikamwambia, "Ningeolewa na wewe hata ungekuwa unauza karanga barabarani!" Akapiga magoti, akalia, akaniomba nisimwambie mtoto. Mimi hata chozi halikutoka. Roho imenikauka, ndugu zangu. Nampikia, namfulia, ila akinisogelea najitoa. Nimeshawaza kurudi Kikwe, lakini nikifika nitamkuta nani?

Mtihani wa Neema ni Alhamisi. Hajui lolote. Jana kaja mbio kutoka chumbani, kanikumbatia, kasema asubuhi hiyo ya mtihani kabla hajatoka anataka apige magoti sebuleni, mimi na baba yake tumwekee mikono kichwani tumwombee pamoja. Baba yake kaitikia haraka, "Amina, mwanangu." Mimi nikasingizia kuna kitu jikoni, nikatoka. Sijui nitauwekaje mkono wangu pembeni ya ule mkono wake.

Nimwambie binti yangu ukweli, au nimeze nibaki? Naomba mawazo yenu, wenzangu. Leo ni Jumanne.