Kitalu cha Mzee Tangi

Mzee Tangi alijenga kitalu cha mboga vile vile alivyozoea kujenga tangi la maji, na matatizo yote yalianzia hapo. Nasema hivyo bila kumcheka. Nilikuwepo, na aliyeona yale niliyoyaona hawezi kucheka sana.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu na vyumba viwili vya Mzee na mkewe vinatazama ua mmoja, na mashine yangu nimeiweka dirishani kwa ajili ya mwanga. Linalosemwa uani nalisikia nitake nisitake. Watu huniita mbeya, na hao hao wanaoniita mbeya ndio wanaokuja kuniuliza habari.

Jina la Tangi alipewa na mafundi wenzake. Kuta alijenga, vyoo alijenga, lakini kazi aliyotafutiwa mbali na karibu ilikuwa matangi ya maji. Hakuna tangi lake lililowahi kuvuja. Alikuwa akilisema hilo mwenyewe, kisha ananyamaza kidogo ili nawe upate nafasi ya kushangaa. Halafu kifua kikamwangusha. Vumbi la saruji alilolivuta miaka yote ile lilikuwa limekaa ndani likimsubiri azeeke. Akawa akitembea kutoka chumbani hadi chooni anashika ukuta njiani. Vijana wa saiti waliacha kumpigia simu, mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa mazoea.

Akaanza kulala. Usingizi wenyewe haukuwepo, alikuwa amejilaza tu, uso ukutani, hadi jua linapita juu ya paa. Mkewe, Mama Tangi, anampelekea chai, inapoa, anaipasha, inapoa tena.

"Mzee, amka basi hata ukae nje."

"Nikae nje nifanye nini?"

Mama alikuwa akirudi uani na kikombe chake, ananitazama dirishani, nami najitia kutafuta uzi.

Naye alikuwa amechoka vya kwake. Miaka ya kwanza ya ndoa yeye ndiye aliyembebea mumewe maji na zege kichwani, maana hawakuwa na uwezo wa kuajiri kibarua. Magoti yake ndiyo yaliyogharamia. Kijishamba chake cha mchicha nyuma ya ua kilikuwa kimegeuka majani matupu. Kuchuchumaa aliweza, kesi ilikuwa kuinuka.

Wazo lililetwa na binti yao anayeishi mbali. Alituma picha kwenye simu: watu wanalima mboga ndani ya masanduku marefu yaliyoinuliwa hadi kiunoni, wamesimama wima, hakuna anayeinama. Mama alimwonyesha mumewe pale pale kitandani. "Ningepata kitu kama hiki," akasema, "ningekula tena mboga za mkono wangu." Akazima simu, akaenda kupika. Sidhani kama alitegemea lolote.

Kesho yake nilipofungua dirisha Mzee alikuwa uani, ana kamba na pimamaji.

Mjue kwamba mtu huyu amejengea watu nyumba ujana wake wote, na yeye na mkewe ni wapangaji kama mimi. Kila alipotaka kuanza msingi wao lilizuka jambo, mara shule ya watoto, mara ugonjwa, mara msiba. Mkewe hakuwahi kupata kutoka kwake hata ukuta mmoja wa kuegemea ambao si wa mwenye nyumba. "Hiki ni cha mama," aliniambia akikoroga saruji. "Pumzi iliyobaki inatosha kitu kimoja tu, mwanangu. Acha nikifanye sawasawa."

Na alikifanya sawasawa, Mungu amsamehe. Anaweka tofali, anapumzika. Anaweka jingine, anapumzika. Kuna wakati alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa muda mrefu hadi nikasimamisha mashine nisikilize kama bado anapumua. Chini alimwaga zege. Kuta zikapanda, zimenyooka hadi raha. Akapiga lipu nje, akapiga lipu ndani, kisha akasugua saruji tupu juu ya lipu ya ndani mpaka ikateleza kama sahani.

"Mzee, hata ndani?" nikamuuliza. "Si patajaa udongo tu? Nani atapaona?"

"Kazi ya ndani ndiyo kazi," akanijibu, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mjinga.

Nikarudi kwenye mashine yangu. Mimi najua pindo na vifungo. Na yeye udongo aliujua kama kitu cha kuchimbua na kutupa ili msingi ukae. Mama ndiye aliyeujua kwa mboga. Baadaye aliniambia kwamba siku ile ile alikizunguka kitalu akitafuta tundu la kutolea maji, asilione. "Nikasema nimwambie. Halafu nikamwona anakula. Alikula sahani nzima, akaomba nyingine. Nikanyamaza."

Siku za jua mambo yalikwenda vizuri. Mama alimwagilia kwa kikombe, kidogo kidogo, mchicha ukatoka, spinachi ikashika. Mzee alikuwa akiamka mapema, anapita akigonga ukuta kwa vidole, anatega sikio. "Hakuna hata ufa," anatutangazia. Watu wa vyumba vingine wakaja kutazama, akavimba kichwa, nasi tukamwachia avimbe.

Kisha mvua zikaja. Maji yakaingia na hayakuwa na pa kutokea. Udongo ukawa uji, majani yakageuka manjano, na ukipita karibu unasikia harufu ya mizizi inayooza. "Zinataka mbolea," akasema Mzee. Mama akaitikia, "Huenda."

Ndipo nilipoanza kumwona alfajiri. Mzee aliamka mapema, kwa hiyo Mama akawa anaamka mapema zaidi yake. Alikuwa amechimba kishimo kwenye pembe ya kitalu, maji yakikusanyika humo anayachota kwa kikombe cha plastiki, kikombe baada ya kikombe, anajaza ndoo, kisha anaivuta ndoo hadi kwenye mfereji, kwa magoti yale. Na mboga zilizokufa alizing'oa. Badala yake alichomeka mchicha wa sokoni, ule unaouzwa na mizizi yake. Nilishuhudia kwa macho yangu kitalu kikiota mchicha uliokuja na mfuko. Jioni Mzee anakula, anatikisa kichwa, anasema mboga ya sokoni haiwezi kuwa na ladha hii hata siku moja. Mama anatazama sahani yake.

Nilimwambia, "Mama, utaanguka."

"Nimechoka, mwanangu," akasema. "Wala sikufichi. Nimechoka mpaka sijui nianze kupumzikia wapi. Lakini si unamwona alivyo?"

Ikanyesha siku moja kuanzia jioni, na kulipokucha goti la Mama lilikataa kukunjika. Mzee akatoka peke yake. Kitalu kilikuwa kimejaa hadi mdomoni, mboga zinaelea. Akaliokota fungu moja la mchicha, akaligeuza. Kwenye mizizi bado lilikuwa na kamba ya muuzaji.

Akaingiza mkono majini hadi kwenye kiwiko, akaupapasa ukuta kwa ndani, ule ulaini wake.

"Fundi," akaniita bila kugeuka.

"Shikamoo, Mzee."

Hakuitikia. "Wewe hapo dirishani. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mama alikuwa amefika mlangoni, ameshika fremu. Mzee akamwonyesha lile fungu, kamba ikining'inia. "Nimekujengea tangi," akasema. "Kitu kimoja nilichokujengea, mama, ni tangi."

Akaingia ndani, akarudi na nyundo na tindo, akapiga magoti kwenye tope chini ya kitalu. Akapiga mara moja, akakohoa. Akapiga tena. Saruji haikupata hata mkwaruzo. Aliikoroga nzito mno kwa mapenzi. Alipiga hadi nyundo ikamtoka mkononi, akakaa kwenye tope, kifua kinapiga miluzi, machozi yanamtoka waziwazi. Sijawahi kumwona fundi akilia mbele ya kazi yake. Niliweka kitambaa chini nitoke, lakini Mama alikuwa ameshafika, anaburuta mguu. Akaiokota nyundo.

"Shika tindo."

"Utanipiga mkono."

"Nimekubebea zege ujana wangu wote, sikukumwagia hata siku moja. Shika."

Akashika. Mama akapiga kwa mikono miwili, polepole, akipumzika kila baada ya pigo, na sasa hata kupumzika walipumzika pamoja. Mwishowe kipande kikaruka. Maji yakatoka meusi, yananuka, yakawamwagikia mapajani na miguuni, na hakuna aliyesogea. Wakatoboa tundu jingine, na jingine, hadi kitalu kikabaki na tope na majani machache yaliyolala.

Walikaa wameegemea ule ukuta.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama alikuwa akijifuta mikono kwenye kanga. "Ungerudi kulala," akasema. "Maji ningeyachota tu, Mzee wangu. Lakini wewe kunigeuzia mgongo ukitazama ukuta kutwa nzima, hiyo siiwezi tena."

Nikawasha mashine, nikashona kitambaa kisichohitaji kushonwa, ili wapate kelele ya kujifichia.

Yaliyobaki nilihadithiwa na Mama. Kesho yake aliamka gizagiza kama alivyozoea, akakumbuka kwamba hakuna maji ya kuchota. Akabaki amefumba macho, anasikiliza. Mzee alikuwa macho pia. Mikono ilikuwa imemvimba, hata shuka ilikuwa nzito kwake, na uso wake ulikuwa ukutani. Huko nje hapakuwa na kitu cha kwenda kukagua, mmea wala fahari. Walilala hivyo, kila mmoja anajua mwenzake yu macho.

Kisha kitanda kikalia. Mzee alikaa ukingoni, akatafuta pumzi, akakosa, akaipata. Akateremsha miguu sakafuni.

"Unakwenda wapi?" Mama akauliza. "Hakuna kitu huko."

"Najua," akasema. Akamfunika shuka magotini. "Lala kidogo, mama. Mimi nimeshaamka."

Mama akageuka upande wa pili, akalala hadi jua likapanda.