Jeneza la Dukani

Kanisani kwao walimwita Mzee Randa, maana hata Jumapili, ameoga na kuvaa koti, vumbi la mbao halikumtoka masikioni. Alikuwa seremala na mzee wa kanisa, na majeneza aliyatengeneza kwa namna moja tu: mbao safi na misumari, basi. Ukimtajia vishikio vya dhahabu, anakutazama juu ya miwani. "Kwani marehemu anakwenda kwa Mungu au anakwenda harusini?" Watu hucheka, kisha hao, dukani. Siku hizi hata wazee wenzake, waliokuwa wakimwitikia amina kwa sauti kubwa, walizikwa kwenye majeneza yenye taa. Taa, jamani! Mtu kafumba macho, anamulikiwa nini?

Kwa hiyo mkewe alipozidiwa, hakuomba kitu kigeni. Alimshika mkono akamwambia, "Usinitie kwenye kitu cha dukani, mume wangu. Nitie kwenye kazi ya mikono yako."

"Nyamaza bwana, utapona."

"Niahidi."

Akaahidi. Alfajiri ya pili mama wa watu akakata roho.

Mzee hakulia mbele za watu. Alijifungia karakanani, akakata mbao, akapiga randa mpaka mkono ukapita juu yake bila kukwaruzwa. Kisha akawapa kipimo vijana wa kanisa. Ndio utaratibu wao: kaburi halichimbwi mpaka kipimo kitoke kwa Mzee Randa, na hata jeneza likitoka dukani huenda yeye mwenyewe kulipima. Vijana wakachimba kama walivyoambiwa, bila kuzidisha hata vidole viwili.

Asubuhi ya mazishi akaingia binti yao wa pekee, nyuma yake gari limebeba jeneza jeupe linalong'aa, pana, lenye nakshi pembeni.

"Hilo rudisha," mzee akasema. "Mama yako aliniomba."

"Baba, wenzangu wa kazini wanakuja. Watasema mama tulimtupa."

"Waseme."

"Mama aliomba hivyo kwa sababu alizoea kukosa!" Binti akaangua kilio. "Umewahi kumuona na nguo mpya? Kila kitu cha kupewa, kila kitu mtumba, na wewe unamwambia hazina yetu iko mbinguni. Niache nimnunulie kitu, Baba. Mara moja tu."

Neno hilo lilimchoma mzee, maana lilikuwa kweli. Ule ukata yeye aliuita imani. Labda mkewe naye aliuita hivyo, au labda alinyamaza tu ili amani ya nyumba isivunjike. Na sasa nani wa kumuuliza? Akapiga moyo konde, akasema, "Haya mwanangu. Mtie humo." Ahadi aliyompa mkewe ikafia hapohapo, na machungu yakamjaa kifuani hata kipimo hakikumjia akilini.

Makaburini mchungaji akaomba, kwaya ikaimba, jeneza likashushwa. Likakwama. Wakalipandisha, wakaligeuza kidogo, wakalishusha tena, wapi! Watu wakaanza kunong'ona. Mpiga video akasogea karibu zaidi, mtu asiye na haya. Binti akajifunika uso kwa kitenge. "Baba, aibu gani hii?"

Mzee ndipo akakumbuka. Jeneza likapandishwa na kuwekwa kando. Akavua koti, akachukua sepetu, akashuka kaburini.

"Mzee, tuachie sisi," vijana wakamsihi.

"Ondokeni hapa!"

Akaanza kukwangua ukuta wa udongo, taratibu, upande mmoja kisha wa pili, kama anavyonyoosha ubao. Machozi aliyoyazuia tangu siku ile yakamtoka kwa sauti, mbele ya kwaya na mchungaji na hao watu wa kazini kwa binti. Binti akavua viatu vyake virefu. Akampokonya mpiga video kile kidude, akakiweka chini, akapiga magoti ukingoni na kuanza kuutoa udongo kwa mikono. Gauni lake jeusi jipya likachafuka lote. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Wakafanya kazi hivyo, baba chini, mwana juu.

"Baba," binti akasema mwishowe, "panatosha sasa."

Mzee alijua panatosha. Alikuwa seremala, jicho lake lilishapima zamani. Lakini akaendelea kukwangua kidogokidogo, kwa kuwa akimaliza itambidi apande juu, waje wamshushe mkewe.