Dohani ya Mama Munirah

Kule Kisugu, miaka ile redio za FM zilipoanza kupigiana kelele mjini Kampala, Kaltumi alikuwa na kifua kibovu na ulimi mzima. Kifua kiliharibiwa na moshi wa mafiga. Ulimi haukuharibiwa na chochote. Mwanamke huyu wa Kinubi ndiye aliyepika gurusa, ule mkate wao mwembamba wa kumimina kaangoni, katika kila harusi ya jamaa zake. Sasa binti yake wa pekee, Munirah, anaolewa Jumamosi, na daktari amekwishasema aache kuinamia moshi.

"Tutakodi mpishi," akasema mumewe, mzee Ramathan.

"Mpishi gani? Yule wa Lubaga anayepika wali bokoboko? Wallahi, Munirah hatoki nyumba hii kwa gurusa ya mtu baki!"

"Basi hilo jiko lako jipya lisipowaka vizuri kufika Alhamisi, nakwenda kumwita. Sitaki maneno tena."

Kaltumi akatoka mbio kumhimiza fundi. Aliogopa kweli.

Jiko lilikuwa la kuni, la chuma, na fundi wake alikuwa Oyugi, Mjaluo aliyetoka Kisumu akafungua karakana mtaani hapo. Jumatano alifika na bomba la dohani, la kutolea moshi nje, begani, akipiga mluzi. Akajenga ukuta mfupi wa matofali na udongo kati ya jiko na ukuta wa nyumba. Akatoboa bati tundu pana ili bomba la moto lisikaribie mapau ya mbao, akaliziba pengo kwa kipande cha chuma, kisha akalipandisha bomba likapita kipeo cha paa. Muda wote huo Kaltumi yuko sikioni mwake: limepinda, halijapinda, mbona refu hivyo, tunajenga msikiti?

"Mama, nihurumie," Oyugi akacheka. "Imebaki kofia tu, ya kuzuia mvua. Naileta kesho asubuhi. Mpaka nirudi, usiwashe hata kijiti."

"Nimesikia, mwanangu."

Alisikia, ndiyo. Lakini alasiri mawingu yakajikusanya, na lile bomba likabaki juu limeachama. Sasa mwanamke wa Kinubi aliyelelewa akaleleka anaachaje chombo mdomo wazi? Sufuria ina tabaga yake, sinia lina tabaga yake, ule mfuniko wa kusuka wenye rangi zote za dunia. Kaltumi akachagua tabaga nzuri kuliko zote, akakaza kanga kiunoni, akapanda ngazi. Majirani wakapiga mayowe kwa woga. Akaifunga barabara kwa kamba, akashuka anatweta, ameridhika kabisa. Kofia si hiyo?

Alhamisi asubuhi hakungoja mtu. Oyugi alitaka kofia, kofia ipo! Akasema bismillahi, akawasha.

Lahaula! Moshi ulijaa jikoni, ukaingia sebuleni, ukamtoa mzee Ramathan chumbani na sabuni ya kunyolea usoni. Wote wakakimbilia uani, Kaltumi akikohoa mfululizo. Ramathan akamshika mkono, akamkalisha kwenye mkeka. Hakumcheka. Akajifuta uso, akaenda kutafuta viatu vya kwendea Lubaga, na Kaltumi akaona harusi ya mwanawe imemponyoka mikononi.

Hapo ndipo Oyugi akatokea na kofia yake ya bati. Akatazama paa. Akatazama tena.

"Mama! Nani amelivisha bomba nguo ya sikukuu?"

"Mvua, mwanangu..."

Oyugi hakumaliza kucheka. Alifunika uso kwa shati, akaingia, akazivuta kuni nje na kuzimwagia maji. Ndipo akapanda. Tabaga ilishuka nyeusi tii, inanuka. Akakaza kofia, ile yenye miguu, mvua isiingie na moshi utoke pembeni. Akashuka, akawasha kijiti kikavu kimoja mlangoni mwa jiko. Moshi ukainama, ukaingia ndani, ukapanda wote!

"Haya, vua viatu, mzee!" Kaltumi akapiga kelele. "Lubaga hakuna safari!"

Jumamosi akina mama wa upande wa bwana harusi walifika, wakanong'onezana kwa wasiwasi: mbona jikoni hakuna moshi, kwani hapa hawajaanza kupika? Kaltumi akawafungulia mlango. Gurusa zilikuwa zimepangwa sinia juu ya sinia, na yeye katikati kwa nguo nyeupe. Vigelegele vikapasua bati.

Kisha Munirah akaingia na hina yake mbichi kuaga. Kaltumi akamtazama, akageuka upesi, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Aa, moshi huu nao!" akasema, kama alivyosema maisha yake yote.

Wanawake wote wakatazama juu, wakatazama jiko. Jikoni palikuwa peupe pe. Wakaangua kicheko, na Kaltumi, akicheka nao, akamkumbatia mwanawe akalia wazi, mbele ya watu.