Kila Mmoja na Pipa Aliloliharibu

Kikao cha Jumamosi ambacho watu wa hapa Kigwena wananisifia, nilikianzisha ili kumwangusha mtu mmoja. Mungu amenitendea mema mengi, nami sioni sababu ya kumficha anachokijua tayari.

Niliporudi Burundi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania nilikuwa mtu mzima mwenye cheti cha chuo cha Biblia na mikono isiyojua michikichi. Koperative ya mawese, ushirika wetu wa hapa, ilinipa kazi ya kubeba vichane vya chikichi. Kupika mafuta ilikuwa kazi ya mtu mmoja tu, mzaliwa wa hapa, rika langu. Wanunuzi kutoka Bujumbura walikuwa wakiuliza kwanza, "Yamepikwa na yeye?" ndipo wanashusha bidoni zao, madumu ya kubebea mafuta.

Mafuta yakishakamuliwa bado yana maji ndani yake. Yasipokauka vizuri katika pipa la jikoni, huchacha mapema. Yakizidishiwa moto, huungua na kuwa meusi. Ujuzi wote uko katika dakika chache za mwisho, na dakika hizo yule mpishi hakutaka zionwe na mtu. Zilipokaribia alinigeukia kila mara.

"Wewe Mutanzania, enda lete kuni."

"Kuni zipo, mzee."

"Enda lete zingine. Kuomba unajua, kuni hujui?"

Wenzangu walicheka, nami nilikwenda. Nilikwenda hivyo kwa miaka minne, nikimshukuru Mungu kwa kazi, na kila hatua niliihesabu moyoni kama deni lake. Mwaka wa tano waliniachia pipa moja siku alipokuwa mgonjwa. Nililiharibu. Aliporudi alichovya kidole, akaonja, akatema mbele ya watu wote. "Mafuta ya huku hayasikii Kiswahili cha kambini," alisema. Jina hilo, Kiswahili cha kambini, lilinifuata hadi kanisani.

Subira nimefundishwa tangu utotoni, na subira si lazima iwe ya upole.

Niliacha kutumia macho, nikatumia masikio. Kule kwenye kuni nilisikiliza. Mafuta yenye maji huchachatika kama mvua juu ya bati. Kisha mchachatiko hupungua, huwa wa hapa na pale, halafu hunyamaza. Muda mfupi baada ya kunyamaza, nilimsikia akivuta magogo kutoka chini ya pipa. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake yote. Nilijaribia nyumbani katika sufuria ya mke wangu hadi nikaipata.

Viongozi wa koperative walipoanza kulalamika kwamba kazi inasimama kila mpishi anapougua, niliomba ruhusa ya kuwakusanya wafanyakazi kila Jumamosi, baada ya kusafisha mashine, tufundishane. Walifurahi sana. Mwenyekiti alisema huo ni moyo wa Kikristo. Nilishukuru kwa Kirundi, murakoze, nikainamisha kichwa.

Jumamosi ya kwanza niliwasha moto uani, mahali ambapo yule mpishi angetuona kutoka jikoni kwake, nikawafumbisha macho watu ishirini. "Sikilizeni," niliwaambia. "Mkisikia kimya, nyosheni mkono." Mikono ilinyooka karibu wakati mmoja. Niligeuka kumtazama. Alikuwa amesimama mlangoni, na sitasema uongo: nilishiba.

Niliweka sharti moja pale. Kila anayekuja aanze kwa kueleza pipa aliloliharibu na jinsi alivyoliharibu, ndipo aruhusiwe kuuliza. Wote walilipenda, kwa sababu aliyeharibu hakuwa na aibu tena, na makosa hayakurudiwa. Lakini sharti lile nililishona kwa vipimo vya mtu mmoja. Nilijua atakuja.

Alikuja kabla mwaka haujaisha. Wapishi walikuwa wamefika saba, na wanunuzi hawakuuliza tena jina. Alivua kofia, akatusalimu, amahoro, akakaa mwisho wa benchi.

"Karibu, mzee," nilimwambia. "Pipa lako ni lipi?"

"Mimi sijaharibu."

"Basi tutakungoja uharibu. Ukisha, rudi."

Watu walicheka kama walivyonicheka mimi. Aliinuka nusu. Kisha akakaa tena, akatazama mikono yake.

"Iko moja," alisema. "Ya kwanza kabisa. Nilipika muzuri, nikamimina katika bidoni zilizooshwa asubuhi. Ndani zilikuwa bado na maji. Zote zilichacha."

"Hatukusikia huku mbele," nilimwambia. "Rudia."

Alirudia. Nilimwambia arudie tena, kwa sauti, akiwa amesimama. Alisimama, mzee wa umri wangu, akarudia mara ya tatu.

Hapo jambo likanitoka mkononi. Mwanamke mmoja aliuliza, "Sasa utajuaje bidoni imekauka?" Alimjibu: igeuze juani, funga, ngoja, fungua, pitisha kiganja mdomoni mwake; kikibaki kikavu, imekauka. Mwingine akauliza juu ya matunda yaliyolala siku nyingi. Akajibu. Walianza kusogeza benchi upande wake. Alieleza mambo ambayo sikuwahi kuyasikia nikiwa kwenye kuni, kwa sababu hayana mlio, na mtu mmoja akamwita mwalimu. Alitabasamu. Miaka yote ile hakuwahi kunitazama akitabasamu bila dharau, na sasa alinitazama hivyo.

"Niendelee, muzee?" aliniuliza.

Kikao kilikuwa changu. Jua lilikuwa bado juu, na maswali yalikuwa mengi.

"Muda umekwisha," nilisema. "Tuombe."

Waliinamisha vichwa, naye pia. Nilianza na shukrani kwa mvua, nikaenda kwa wagonjwa, kwa wajane, kwa wavuvi, kwa viongozi wa nchi, kwa ndugu waliobaki kambini. Nilisikia benchi zikilia chini ya watu waliochoka kukaa. Nilimwombea hata yeye, polepole sana, na sikuwa na haraka ya kufika kwenye amina.