Murdoch Gillis na Nguzo ya Mto Salmon

Murdoch Gillis alizaliwa nyumbani kwa mwashi mmoja huko Nova Scotia. Kabla hata ndevu hazijamwota, alishuhudia daraja likiporomoka kwa sababu nyuma ya mawe mazuri ya nje mafundi walikuwa wamejaza kifusi. Tangu hapo hakuamini ukuta ambao hakuugonga nyundo mwenyewe. Tabia hiyo ilimtajirisha. Alianza na makalvati, akapata kandarasi za reli, mwishowe wilaya ikampeleka bungeni Ottawa, watu wakisema mtu asiyeibiwa hata msumari ndiye wa kutulindia mali.

Mshirika wake alikuwa Théophile Arsenault, Mfaransa wa pwani, bingwa wa mawe. Murdoch alipokuwa bungeni, Arsenault ndiye aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli la mto Salmon.

Uchaguzi ulipokaribia, mshona viatu Hector Beaton alimvuta Murdoch kando, nje ya kanisa.

"Mheshimiwa, mimi simo. Lakini watu wanasema nguzo ya katikati imejazwa changarawe."

"Watu gani?"

"Watu tu. Na Arsenault naye kaezeka nyumba upya. Sijui pesa katoa wapi."

Murdoch alijua fika kwamba Beaton alikuwa akimpigia debe mpinzani wake. Hata hivyo neno lilishamwingia. Asubuhi uji wa shayiri ulipoa mbele yake bila kuguswa.

"Théophile umekula naye sahani moja miaka yote hii," mkewe Marsali akamwambia. "Si umuulize?"

"Mwizi huulizwa?"

"Kwani ameshakuwa mwizi?"

Hakumuuliza. Alikwenda mtoni na vibarua wenye sururu, na watu wakamfuata kama wanaokwenda mnadani. Arsenault walimkuta akinoa patasi.

"Nataka nguzo ya katikati ifunguliwe," Murdoch akasema.

Arsenault akaiweka patasi chini. "Wapi?"

"Popote."

Arsenault akagusa jiwe moja. Vibarua wakachimba mpaka mkono ukazama hadi begani. Ndani mlikuwa na jiwe juu ya jiwe, na chokaa imekamata kama ufizi na jino. Murdoch akageuka amtake radhi, akamkuta mwenzake anakunja aproni.

"Paziba mwenyewe, Murdoch. Akiziba mwingine hutalala."

Waliokuwa wakitazama waliondoka na neno lao: mtu havunji daraja lake bure, lipo analolijua. Likavuma wilaya nzima, na kura zikamwangusha.

Baadaye, wakinywa chai, Murdoch akasema taratibu, "Marsali, lile jiwe alilichagua yeye."

Marsali akatua birika. "Basi bomoa daraja zima. Ukimaliza, njoo ubomoe na nyumba hii, maana nayo aliijenga yeye."

Hakubomoa. Treni zilipita, na barafu ya mto iligonga nguzo kila mwaka bila kuzitikisa. Arsenault alihamia Quebec na hakuleta salamu tena. Murdoch alizeeka na fedha zake, ila kila alipovuka mto Salmon hakukaa kitini. Alisimama mlangoni mwa behewa, mkono kwenye kitasa, akisikiliza magurudumu.