Kamera Niliyoivika Sanda

Haya, mmeniuliza mara ngapi kwa nini tukishuka bandarini mimi ndiye wa kwanza kufungua mkoba kabla sijaulizwa, mpaka maafisa wa forodha wa hapa Unguja wananicheka. Leo nawaambia. Ni aibu niliyokaa nayo miaka na miaka na ukali wake haujapungua hata chembe. Chekeni mkitaka, mimi nilishaacha zamani.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru kule Madagaska, Wafaransa wanafunga masanduku yao mmoja mmoja, na mimi kijana wa Mahajanga, mtaa wa Mahabibo, naishi na baba yangu, Fundi Madi, mshona kanzu. (Nawasimulia kwa Kiswahili chenu, lakini kwetu Kiswahili kilikuwa cha wazee na vitabu vya dini, nyumbani tulisema Kikomoro, sokoni Kimalagasi, na mbele ya serikali Kifaransa.) Baba alikuwa na dada mmoja tu duniani, Shangazi Mwanaesha, aliyebaki Mutsamudu, kisiwani Nzwani kule Komoro, na hawakuonana tangu ujana wao, na kila barua aliyoniandikia shangazi ilimalizika kwa ombi moja: niletee picha ya kaka yangu niione sura yake kabla mmoja wetu hajatangulia. Baba hakutaka hata kusikia habari ya studio. "Siendi kukalishwa kigodani na mtu asiyenijua, aniambie inua kidevu, teremsha kidevu, kama ng'ombe mnadani." Mpaka siku moja, bila kuombwa, akaniambia, "Hamidu, ukipata mashine yako mwenyewe utanipiga wewe, hapa hapa barazani, na cherehani yangu mbele." Niliona nimepewa dunia.

Basi nikasikia kwamba kuna Mfaransa, karani wa kiwanda cha sukari pale Dzamandzar, kisiwani Nosy Be, anarudi kwao na anauza kamera yake. Nikapanda boti nikaenda. Kamera ilikuwa ya Kijerumani, imetumika lakini imetunzwa, mfuko wake wa ngozi, lenzi safi kama jicho la mtoto, na ukibonyeza inalia tiki, moyo unaburudika. Nikalipa. Yule karani (mtu mwadilifu, kusema kweli, ndiyo maana namchukia mpaka leo) akanipa karatasi na kunieleza kwamba kamera iliingia nchini bila ushuru kwa sababu ilikuwa kati ya vyombo vyake vya nyumbani, sasa ameiuza, kwa hiyo mnunuzi aende forodhani alipe. Ushuru wenyewe ulikuwa kama bei ya mbuzi mmoja. Nilikuwa nayo, wallahi nilikuwa nayo mfukoni! Lakini nikajiona mjanja. Nikasema mbuzi huyu nitamla mwenyewe, nikaichana ile karatasi.

Shida ni kwamba boti ya kurudi Mahajanga ilikuwa inatoka Mutsamudu, nchi nyingine, na kupitia Nosy Be tu, kwa hiyo forodha ya Mahajanga ingefungua mizigo ya kila abiria. Nikaenda Ambanoro, hapo hapo kisiwani, dukani kwa Mhindi mmoja, nikanunua bafta nyeupe ya kutosha sanda, kafuri na marashi, nikaifungia kamera ndani mikunjo kwa mikunjo, nikanyunyiza mpaka ikanukia maiti, kwa sababu nilijua hakuna afisa atakayetia mkono kwenye sanda ya Mwislamu. Nilijisifu, jamani! Nilipanda boti alasiri nikiwa napiga mluzi.

Ndani ya boti nikakuta jirani yetu wa Mahabibo, Koko Echati (koko kwetu ni bibi), anarudi kutoka kumtazama bintiye. Tukakaa pamoja safari nzima, tukatafuna biskuti zake, nikamchekesha mpaka akanipiga begani nimwache apumue.

Asubuhi tukashuka Mahajanga. Afisa alikuwa Mmalagasi kijana, sare mpya, viatu vinang'aa, anafungua kila kitu mpaka vikapu vya pweza mkavu. Akafika kwangu. "Hiki nini?" Nikamwambia, sanda. Nilidhani yamekwisha. Akaweka mkono kwenye fundo akauliza, "Ya nani? Amekufa nani?"

Sasa hebu niambieni, ningeshindwa kusema ni ya mzee anayejiwekea akiba yake, kama wanavyofanya wazee wetu wote? Nilikuwa na majina elfu moja. Lakini kidole chake kilishaanza kulegeza fundo, mdomo ukajisemea wenyewe: "Baba yangu. Amefariki jana asubuhi, nimeletewa simu. Wananingoja mimi wamzike."

Yule afisa akatoa mkono kama ameungua. Akavua kofia. Na nyuma yangu nikasikia, "Innalillahi! Fundi Madi!" Koko Echati alikuwa ameangusha kikapu chake. "Mwanangu, umekesha nami ukitafuna biskuti, kumbe una msiba mzito hivi?" Akanikumbatia, akalia kilio cha kweli, na wanawake wa boti nzima wakapokea. Baharia mmoja aliyewahi kushonewa kanzu na baba akaja kunipa pole huku anafuta macho.

Nikasema moyoni, tukitoka tu getini nitawaambia. Tukatoka getini, wachukuzi wa Mahabibo wakatuzunguka, mmoja akaunyanyua mzigo wangu kwa mikono miwili na kuuweka kichwani kwa adabu, nikasema nitawaambia tukikata kona. Kwenye kona kulikuwa na watu wengine kumi. Muuza kahawa akashangaa, "Mbona jana magharibi nilisali naye?" Wakamkemea: "Nyamaza wewe! Nani anayemzulia baba yake mzazi kifo?" Nikainamisha kichwa. Wao walidhani nalia.

Tulipoingia mtaani tulishakuwa umati, tunakwenda kwa La ilaha illallah, maduka yanafungwa. Tukapita nyumbani, vichwa vyote vimeinama, kwenda msikitini walikodhani maiti ameshapelekwa. Baba alikuwa barazani anashona. Hakutuona sura zetu, alisikia kalima tu, na baba yangu alikuwa mtu ambaye hakupitwa na jeneza hata siku moja. Akasimamisha cherehani, akavaa kofia yake, akashuka, akajiunga safu ya nyuma. Akamgusa mtu bega. "Nani katutoka?"

Yule mtu aligeuka akapiga ukelele ambao nausikia mpaka leo.

Kalima ikakatika. Umati ukapasuka katikati na baba akabaki peke yake, kofia kichwani, uzi bado umening'inia shingoni, anatutazama mmoja mmoja. Mchukuzi kwa hofu akauachia mzigo. Bafta ikafunguka barabarani, na kamera ikajitokeza na mfuko wake wa ngozi, nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Afadhali ingevunjika! Koko Echati aliitazama kamera, akanitazama mimi, akatema mate chini, akaenda zake. Watoto wakaanza kucheka, halafu na wakubwa.

Adhuhuri haijafika yule afisa yuko mlangoni, kwa sababu habari kama hiyo hailali njiani. Akaichukua kamera, akaniandikia faini. Hakufoka. Alisema tu, "Mimi si wa dini yenu, lakini nilivua kofia kwa ajili ya baba yako."

Baba alingoja aondoke. "Ushuru ulikuwa kiasi gani?" Nikamwambia. Akasema, "Kumbe bei ya mbuzi." Akarudi kwenye cherehani yake.

Nililipa ushuru, nikalipa faini, kamera nikarudishiwa. Baba hakukubali nimpige. Nilimwomba wakati yule baharia alipofikisha habari Mutsamudu na shangazi akamsomea kaka yake khitma, nikamwambia, baba, picha moja tu, aone kwamba u hai! Akasema, "Ulishaniaga, Hamidu." Akaandika barua kwa mkono wake mwenyewe. Nimepiga picha baba za watu wangapi kwa kamera ile, sijui. Mfuko wake bado unanukia kafuri, na baba yangu mwenyewe sina hata picha ya kivuli chake.

Miaka miwili baadaye baba alifariki kweli. Nikamwandikia shangazi mimi mwenyewe, kurasa nne, machozi yanadondoka kwenye wino. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Barua yako nimeipata, mwambie imamu aniandikie yeye, ndipo nitalia."