Sauti ya Mwalimu Tambwe

Mwalimu Tambwe alifundisha mwaka wa sita hapa Lusangi kwa miaka ishirini na sita. Mimi nilifundisha mwaka wa tano, na ukuta wa matofali mabichi uliotutenganisha haukufika kwenye mabati ya paa. Kila asubuhi nilimsikia akisema, "Kaeni, tuanze," na watoto wangu nao walikaa.

Mwaka jana sauti ikaanza kukwaruza. Alikwenda Kasongo kwa pikipiki, siku mbili kwenye matope, daktari akamwambia ana uvimbe kooni na apelekwe hospitali kubwa Bukavu. Hakwenda. Alihesabu miezi iliyobaki hadi mtihani wa taifa, akaona watoto arobaini na wawili hawana mwalimu mwingine.

Basi kila alasiri, shule ikiwa tupu, aliinama juu ya simu yake akarekodi masomo: sehemu, desimali, mito. Simu haikuwa na nafasi, hivyo kila somo alilihamishia kwenye kadi ndogo na kulifuta simuni. Kadi hiyo aliichomeka kwenye redio ndogo, zile ambazo wachimbaji wa dhahabu hubeba kwa ajili ya muziki. Sauti ilipokatika kabisa, aliweka redio mezani, akasimama ubaoni na fimbo, akaonyesha huku redio ikisema.

"Angalia, mwalimu iko anasema na kinywa imefunga!" watoto walicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu walikuwa wanaijibu redio: "Ndiyo, mwalimu."

Mvua zikazidi, paneli ya sola ya shule ikakosa jua. Tambwe akapeleka redio Salamabila, kwenye machimbo, kwa Djamali, mwenye kibanda cha kuchajisha simu. Djamali ni baba wa watoto watatu sasa, lakini kusoma alifundishwa na Tambwe. Kule machimboni mtu unayemheshimu akikuletea chombo, humrudishii kitupu. Unamjazia nyimbo, bure. Djamali alijaza.

Jumatatu Tambwe alibonyeza, na badala ya somo likatoka gitaa. Watoto waliruka juu ya madawati wakicheza. Wangu nao wakapiga meza. Nilipofika mlangoni, mwalimu alikuwa amesimama, fimbo bado kwenye robo tatu ubaoni.

Tulikwenda Salamabila pamoja, maana mtu wa kuuliza ilibidi niwe mimi.

"Karibu, mwalimu! Muziki iko muzuri?"

Nikamwuliza yaliyokuwa kwenye kadi yako wapi.

"Mama, kadi ilikuwa imejaa. Nilifuta zile za majina ya namba-namba. Siyo kusema nilifuta ovyo, nilisikiliza moja kwanza. Ni muzee fulani tu anakwaruza-kwaruza. Nikasema, huyu muzee ni nani anasumbua mwalimu wangu?"

Alikuwa akicheka. Akamtazama Tambwe, akaacha.

"Mwalimu. Ile ilikuwa sauti yako?"

Tambwe akaitikia kwa kichwa. Djamali alifungua droo, akatoa kadi mpya, akampa kwa mikono miwili. Tambwe aliipokea, akampiga begani polepole, kama alivyozoea kumfanyia mtoto aliyekosea ubaoni.

Alijaribu kurekodi tena. Alinisikilizisha mwenyewe: pumzi, jogoo wa jirani, kikohozi, pumzi. Akazima.

Kuanzia hapo nilifundisha vyumba viwili. Nilipaza sauti juu ya ukuta, yeye akaonyesha kwa fimbo. Watoto walijibu "Ndiyo, mama," lakini nilipochungulia mlangoni nyuso zao zilielekea mezani, kwenye redio.

Alikufa wiki tatu kabla ya mtihani. Djamali alibeba jeneza upande wa mbele, akakataa kupokewa hadi makaburini. Watu walipotawanyika alinifuata, udongo bado mikononi.

"Mama, wewe ulimusikia kila siku. Nisemee vile alikuwa anasema asubuhi."

Nikajikohoza. "Kaeni, tuanze."

Djamali alisikiliza, ameinamisha kichwa.

"Hapana," akasema. "Siyo vile."

Nikajaribu mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi.

"Siyo vile, mama."